Nani aliwika kwanza?

Saa kumi na nusu alfajiri, mwezi wa sita, baridi ya Dodoma ile inayokufanya uahirishe hata kwenda chooni. Nilikuwa nimelala macho wazi, nakusanya ujasiri wa kutoka kwenye blanketi, jogoo akawika bandani. Sauti ilianza vizuri, ikapanda, halafu ikakwama katikati na kumalizikia puani, kama mvulana wa kidato cha pili anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi.

Haikuwa sauti ya Balozi.

Nikasubiri. Kwa miaka mitatu sijawahi kuwa na haja ya kuuliza nani kawika, kwa sababu wa kwanza ni Balozi na wengine ni majogoo wa majirani wanaomwitikia. Ikapita kama dakika nzima. Ndipo Balozi akawika, ile sauti yake nzito isiyo na papara, na mimi nikabaki nimekodolea dari.

Alikuwa amejibu. Balozi hajibu. Balozi hujibiwa.

Ni wiki ya saba sasa jambo hili linanikaa kichwani, na baba watoto amechoka kulisikia, kwa hiyo naliandika hapa.

Balozi wa nyumba kumi

Nilimnunua stendi ya Singida, kupitia dirisha la basi. Mnaopita njia ile mnaijua biashara yenyewe: basi halijasimama sawasawa, kuku kumi wako usawa wa pua yako, wamefungwa miguu, na kijana anakuapia kwamba huyu ana miezi minane tu. Nikampakata mpaka Dodoma. Jirani yangu mmoja aliponiona nashuka naye akacheka, akasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Jioni ile ile akawika, tena akiwa bado na kamba mguuni.

Wakati huo nilikuwa na mitetea kumi kamili. Kumi kwa jogoo mmoja ndiyo hesabu ambayo wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji huisema, kwa hiyo jina lilijileta lenyewe.

Ana rangi ya kutu, mkia mweusi wenye kung'aa kijani, na vipi vya miguuni, ile miiba ya kupigania, vimekua kila mwaka mpaka sasa kimoja kimepinda kama ndoano. Lakini sikumpendea umbo. Nilimpendea tabia. Ukimwaga mtama, Balozi hali. Anadonoa punje, anaiachia, anaidonoa tena, huku akitoa ule mlio wa chini wa haraka haraka, ko-ko-ko-ko, mpaka mitetea waje. Yeye atakula mwisho. Mwewe akipita juu anatoa mlio mmoja mrefu, mwembamba, na uwanja wote unaingia chini ya mchongoma. Akiona paka, mlio ni mwingine kabisa, wa kelele na kukatakata, na hapo mitetea hawajifichi, wanainua shingo kutafuta adui yuko wapi. Nilichukua muda mrefu kugundua kwamba hizo ni habari mbili tofauti.

Dogo ni mwanawe. Mama yake alikuwa kishingo, kuku wa shingo tupu, ambaye kicheche alimchukua kabla hata vifaranga hawajamaliza kuota manyoya. Walibaki watano: Dogo na dada zake wanne, ambao sasa ni tembe, mitetea wachanga wanaokaribia kutaga. Dogo ndiye aliyechukua shingo ya mama. Nyekundu, tupu, na kishada kidogo cha manyoya mbele, kama tai iliyofungwa vibaya. Watoto wangu wanasema anaonekana kama mtu alianza kumnyonyoa kwa ajili ya supu kisha akaahirisha.

Fagio

Vita vilianza pale Dogo alipofikisha miezi saba hivi. Mbinu yake ilikuwa moja: anamvizia mtetea kwa nyuma, hachezi, haburuzi bawa, haiti chakula, anaruka tu. Mtetea anapiga yowe. Balozi anatoka alikokuwa, mbio, kichwa chini, na Dogo anakimbia mpaka ukutani.

Nilifikiri ingeishia hapo. Pora, jogoo mchanga, hufukuzwa, pora hujifunza.

Asubuhi moja, karibu na beseni la maji, hakukimbia. Walisimama uso kwa uso, vichwa vimeinama mpaka karibu vinagusa vumbi, manyoya ya shingo ya Balozi yamesimama kama mwavuli, na Dogo asiye na cha kusimamisha amesimamisha kile kishada chake. Wakabaki hivyo. Halafu wote wawili, kwa wakati mmoja, wakaanza kudonoadonoa chini, pale pasipo na punje hata moja. Nilikaribia kucheka. Kisha wakaruka, miguu mbele, na upanga wa Dogo, ile nyama nyekundu ya kichwani, ukachanika na damu ikaruka mpaka kwenye sufuria niliyokuwa nimeanika.

Nikachukua fagio.

Na nikaendelea kulichukua. Kila waliposimamiana nilikuwa hapo, na kila mara fagio lilimwangukia Dogo, kwa kuwa Balozi alikuwa wangu tangu Singida, na kwa kuwa Dogo alikuwa ndiye mchokozi. Siku moja nikamfungia chini ya tenga siku tatu ili atulie. Nilipomfungulia walipigana vibaya kuliko siku zote, kana kwamba hawajawahi kuonana.

Bibi wa Kigogo anayeishi nyuma yetu alikuwa akiniangalia kupitia minyaa. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, unaamulia nini hapo?"

Nikamwambia watauana.

"Ukiwaamulia leo, kesho wanaanza upya. Hawajaambiana. Wewe kila wakitaka kuambiana unaingia na fagio."

Sikumkubalia moja kwa moja, na hata leo nasema bibi alikuwa na nusu ya haki. Majogoo huuana kweli, hasa wakiwa ndani ya banda dogo ambamo anayeshindwa hana pa kukimbilia. Uwanja wangu ulikuwa na kona tatu na geti lililofungwa. Yaani nilikuwa nimewanyima njia ya kumaliza ugomvi kwa aibu badala ya damu.

Nikafungua kile kiwanja cha nyuma. Nikaweka beseni la pili la maji huko, na nikaanza kumwaga chakula sehemu mbili zisizoonana. Kisha, hili lilikuwa gumu, nikaliweka fagio nyuma ya mlango wa jikoni.

Walipigana mara mbili baada ya hapo. Ya pili haikufika hata dakika moja. Balozi aliruka mara moja, Dogo akageuza mgongo, akaenda zake kiwanja cha nyuma akaanza kuchakura kama mtu aliyekumbuka ana shughuli.

Nikasema basi, yameisha. Balozi ameshinda.

Wiki ile ile ndiyo nikasikia ile sauti ya alfajiri.

Foleni ya kuwika

Nilifanya wanachofanya watu wote wakikosa usingizi, nikashika simu.

Kumbe watu wamekaa na kuku kwa daftari. Kuna Mnorwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alianza kuwaandika kuku wa nyumbani tangu akiwa mtoto, nani anamdonoa nani, na mwaka 1921 akachapisha kwamba kuku wana ngazi ya vyeo na kila mmoja anaijua nafasi yake. Hilo halikunishangaza. Mfugaji yeyote anajua nani anasukumwa kwenye chakula.

La pili ndilo lililonikalisha kitandani. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2015, katika jarida la Scientific Reports, matokeo ya kuwasikiliza majogoo wanaoishi kwa vikundi. Alfajiri jogoo mwenye cheo cha juu ndiye anayewika kwanza, na wengine wanafuata kwa vyeo vyao, wa pili, wa tatu, wa nne. Wakimwondoa wa kwanza, wa pili ndiye anayeanza. Kuwika ni foleni, na hakuna anayeruka foleni.

Sasa nielewe nini? Mchana Balozi anamfukuza Dogo mbele ya macho yangu. Alfajiri Dogo anaanza, Balozi anafuata. Siku ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Siku ya nne sikuwa na la kusema.

Nilianza na ugonjwa, kwa sababu mfugaji akiona jambo geni huwaza kideri kwanza, ule ugonjwa unaofagia banda zima. Lakini chanjo ya tone la jicho walikuwa wamepata, naitoa kila baada ya miezi mitatu, na hakukuwa na kuku mwingine aliyezubaa. Balozi alikuwa anakula. Upanga ulikuwa mwekundu.

Najua pia mnachosubiri. Mnasubiri niseme kwamba hii ni habari ya baba yangu na kaka zangu, au ya wazee wasiotaka kuachia viti. Kila niliyemsimulia ameniambia mafahali wawili hawakai zizi moja, halafu akanitajia mwanasiasa. Hapana. Ni habari ya kuku. Na kuku si mafahali: wale kuku wa porini wa Asia, ambao kuku wetu wametokana nao, mara nyingi kundi lao moja lina majogoo zaidi ya mmoja.

Tochi ya simu

Usiku mmoja nilisahau kama nimefunga banda. Nikatoka na tochi ya simu.

Banda langu lina fito mbili za kulalia, ya juu na ya chini. Ya juu ni ya Balozi. Anakaa mwisho kabisa, upande wa mlango, na mitetea wanajipanga kutoka ubavuni mwake.

Nilipomulika, aliyekaa upande wa mlango alikuwa Dogo. Shingo yake tupu ilikuwa imeingizwa ndani ya bawa, na mitetea sita walikuwa wamebanana naye, wa kwanza amemlalia kabisa. Mtetea mweusi, yule mkubwa, malkia wa uwanja, ambaye mchana humpigia Dogo yowe mtaa mzima usikie.

Balozi alikuwa fito ya chini. Peke yake, na kuku wawili wazee.

Nikamshika. Usiku kuku hana ubishi. Nikamgeuza, na chini ya wayo wa mguu wa kulia kulikuwa na uvimbe mgumu wenye kigaga cheusi katikati, mkubwa kama punje ya mahindi. Alikuwa anaumwa mguu. Wiki ngapi, sijui. Mchana alikuwa anakimbia juu ya kidonda kile kumfukuza mwanawe, na usiku hakuweza kuruka kufika fito ya juu.

Nililoweka mguu kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu, nikapaka dawa ya kidonda, nikafunga kitambaa. Nikashusha fito ya juu pia, ikawa futi moja kutoka chini. Nilikuwa nikijiambia maneno mengi, lakini lililokuwa linarudi ni moja. Wiki zote hizo nilikuwa naangalia majogoo wawili wakipigana. Sikuwahi kukaa nikaangalia mitetea wanakwenda wapi jua likizama.

Saba Saba

Katikati ya haya akaja shemeji kutoka Dar, mapumziko ya Saba Saba.

Mgeni wa namna hiyo hapikiwi maharage. Kwa hesabu ya kila mtu nyumbani, majogoo walikuwa wawili, mmoja amezidi, na kisu kipo. Swali lilikuwa yupi. Baba watoto alisema Balozi: mzee, mguu mbovu, atatoa supu ya kueleweka ukimchemsha tangu asubuhi. Binti yangu alisema Dogo, kwa sababu Dogo ni mbaya wa sura. Mfanyabiashara mmoja wa kuku pale Soko la Majengo alikuwa tayari kunipa shilingi 25,000 kwa Balozi bila hata kumwona mguu.

Nilinoa kisu. Nilikwenda mpaka bandani. Nikarudi.

Shemeji alikula kuku wa kisasa wa kwenye friji ya duka la barabarani, huku nje majogoo wawili wakipokezana kuwika. Alinyanyua kichwa mara moja, akasikiliza, akaendelea kula bila kusema neno. Nadhani ameshawasimulia Dar es Salaam nzima.

Swali la bwana mifugo

Baada ya shemeji kuondoka nikampigia bwana mifugo wa kata aje aangalie ule mguu. Ni kijana, ana pikipiki iliyojaa vumbi, na hana maneno mengi. Akaukagua mguu, akasema nimeuwahi, fito zilikuwa juu mno na nyembamba, mzee anaruka chini anatua na uzito wote. Nikamweleza mgogoro mzima, fagio, foleni ya kuwika, tochi. Nikamwuliza, nimbakize nani?

Hakunijibu. Akaonyesha wale tembe wanne waliokuwa wanachakura chini ya mchongoma.

"Mama, hao ni watoto wa nani?"

Wa Balozi, nikasema.

"Na huyo kishingo ni nani wao?"

Kaka yao, nikasema, na kabla sijamaliza neno nikaelewa.

Nilikuwa nimechagua kati ya baba na kaka. Yeyote ambaye ningembakiza na wale tembe, baada ya vizazi viwili ningeanza kuuliza kwa nini mayai hayatotoi na vifaranga wamedumaa, na ningelaumu chakula. Wiki nne za fagio na hesabu za usiku, na jibu la kuku wangu lilikuwa kwamba wote wawili hawafai.

Niliumia kidogo, nikiri. Nilitaka mshindi.

Tulifanya mambo mawili. Dogo alikwenda ng'ambo ya korongo, kwa mama mmoja mwenye mitetea kumi na wawili na jogoo mzee aliyekufa kwa kideri, nami nikachukua pora wake, mweupe mwenye madoa, mtu mpole. Tulibadilishana usiku. Ukimweka kuku mgeni kwenye fito gizani, asubuhi wanaamka pamoja na kelele zinakuwa chache. Alikuja na kamba mguuni, kama methali inavyotaka, na nikaiacha siku mbili afahamu nyumbani ni wapi.

Balozi nikamtengea kibanda cha wavu nyuma ya jiko, fito ya chini, yeye na wale kuku wawili wazee waliolala naye usiku ule.

Alfajiri ya kwanza aliwika yeye, saa kumi na nusu kasoro. Halafu kimya. Halafu ng'ambo ya korongo, kwa mbali, ile sauti inayomalizikia puani. Pora mweupe hakuthubutu mpaka siku ya tisa.

Vifaranga tisa

Kuna jambo sikulisema mapema. Wakati wa fagio, yule mtetea mweusi alikuwa anataga. Aliweka mayai yake mahali pamoja, kwenye karai bovu nyuma ya tangi, na mwanzoni mwa mwezi wa saba akayalalia. Mayai kumi na moja, yote ya kwake. Hakuna mtetea mwingine anayethubutu kulisogelea karai lile.

Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi, kwa hiyo tarehe hazinisaidii kujua yai lipi ni la nani. Na mtetea si chombo cha kupokea tu. Watafiti Pizzari na Birkhead walionyesha mwaka 2000, katika jarida la Nature, kwamba mtetea aliyepandwa kwa nguvu na jogoo wa cheo cha chini anaweza kuzitoa mbegu zake nje. Niliposoma hilo nilifurahi. Nilisema, mweusi na mayowe yake yale, haya ni mayai ya Balozi matupu.

Wametotolewa wiki iliyopita. Tisa. Nilisubiri wakauke, nikawatoa mmoja mmoja kutoka chini ya mama yao, ambaye alinidonoa mkono mpaka damu, nikawaweka kwenye kanga.

Watatu wana shingo tupu.

Mweusi hana shingo tupu. Balozi hana, na hawezi kuitoa: shingo ile kuku akiibeba, hata kwa upande wa mzazi mmoja, inaonekana. Dogo aliibeba kwa mama yake tu, kile kishada cha mbele ndicho kinachomtambulisha, kwa hiyo karibu nusu tu ya watoto wake ndio wangeipata. Watatu wa wazi, basi, na wengine kama watatu waliojificha ndani ya manyoya. Sita kwa tisa. Si hati ya kiapo, lakini ni hesabu.

Siku zile nilizokuwa namkimbiza kwa fagio.

Jana mchana mweusi aliwaleta mpaka nyuma ya jiko. Nilikuwa nimemwagia Balozi mtama. Alipowaona alianza ule mlio wake, ko-ko-ko-ko, akadonoa punje, akaiachia karibu kabisa na wavu, akaidonoa tena, akaiachia. Kifaranga mmoja wa shingo tupu akaja mbio, akaingiza kichwa kwenye tundu la wavu, akaichukua.